Kwa Fundi Bila Tundu, Mjenzi wa Kisima cha Ubatizo

Jirani yetu mshona viatu bado anasimulia kwamba alikusikia kwa masikio yake, Baba, ukilibomoa kanisa kwa nyundo, eti kwa hasira kwa sababu wazee wanataka kuhamia ukumbi mpya wa barabarani. Mwaka umezunguka tangu ututoke, na maneno hayo hayajaisha mitaani.

Wanaosoma hapa wajue kanisa lile lilikotoka. Mwanzo lilikuwa banda la nyasi, na waumini walizamishwa mtoni. Mto ulipokauka, wewe na wenzako mkafyatua matofali, mkapandisha kuta, na chini ya mbao za mimbari ukachimba kisima cha ubatizo. Ukakipiga plasta safi, ukasahau tundu la kutolea maji! Kila baada ya ubatizo, akina mama wa kwaya waliyachota kwa ndoo huku wakikutania:

"Fundi Bila Tundu, njoo uyanywe haya!"

"Taratibu, dada zangu. Mnataka baraka ziondoke mbio?"

Ulikuwa mpole, Baba. Hata kanisa likiwa tupu, ulipiga hodi kabla ya kuingia.

Siku ile ulimwambia Mama, "Wale wanakwaya migongo yao imechoka. Leo nalitoboa lile tundu, kitinda mimba wetu abatizwe kisima kikiwa kamili." Hiyo ndiyo nyundo aliyoisikia jirani. Wazee walipokuita kwa ajili ya maneno yake, ulisema tu, "Nendeni mkatazame." Hawakwenda. Wakakutenga na Meza ya Bwana. Kabla hawajakaa kikao kingine ukaugua, ukaondoka hivyo hivyo, umetengwa. Tulikuzika bila kwaya.

Tindo yako ya kutobolea ukuta ingali imekwama pale chini, kwenye tundu lililofika nusu ya ukuta. Kitinda mimba wako hajabatizwa. Na Mama, tangu hapo, kikombe kikifika kwenye benchi lake anakipitisha kwa aliyeketi kando yake bila kunywa.

Tunaokuwaza ni Mama, dada yako mshonaji, sisi wanao, wakwe na wajukuu. Hutoki mioyoni mwetu, Baba, leo wala kesho.

Nanyi wazee wa kanisa, shikamooni. Tuliwaomba nyumbani kwenu bila mafanikio. Sasa tunawaomba mbele za watu. Inueni zile mbao, mshuke mtazame, kisha mtangaze kwamba Baba amerudishwa ushirikani. Mama anauliza: Jumapili hii anywe kikombe, au akipitishe tena?