Vigae Vyangu Ndani ya Mashine Yako

Baba Joseph, mume wangu uliyetangulia,

Nimekalia kiti chako, maana miguu yangu imekataa na wewe hukihitaji tena. Anayeandika ni Kabula, mjukuu wako. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Na wengine wakitaka kusoma, wasome. Sina siri na mtu.

Mashine haijauzwa. Nimelitanguliza hilo ili upumue, mengine utayasikiliza taratibu.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Kasansa kununua chungu? Uligonga kimoja kimoja kwa kidole, umeinamisha sikio kama daktari. Nikakuuliza, "Kaka, unanunua au unabisha hodi?" Dada zangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Ukanunua kimoja. Kesho yake ukarudi kununua kingine, na hata jiko la kukipikia ulikuwa huna. Nikajua huyu hajafuata vyungu.

Tulipohamia hapa Nsemulwa ukaunda ile mashine ya kufyatulia matofali ya kufungamana, kwa vyuma vya trela bovu. Mimi nikaendelea na udongo wangu. Ukawa kila siku unalalamikia lundo langu la vigae nyuma ya nyumba. "Mama Joseph, tunafuga nyoka?" Nami nakujibu, chungu kilichovunjika hakitupwi, kinatwangwa na kuchanganywa kwenye udongo mpya, la sivyo chungu kipya kitapasukia motoni. Uliguna tu. Ulikuwa hodari wa kuguna.

Hata ulipokuwa huwezi kuinua kikombe, ulinishika mkono ukasema, "Mashine msiipeleke skrepa." Nikasema sawa. Kusema ni rahisi, mzee wangu.

Maana kalibu yako, lile sanduku la chuma linalolipa tofali umbo, ilikuwa imekwisha kulika. Udongo wetu huu mwekundu una changarawe, kila unaposhindiliwa unakwangua chuma. Tofali likawa linatoka na tumbo kama la mama mjamzito, haliingiliani na mwenzake. Joseph akabadilisha bati za ndani. Msimu haujaisha, zikalika tena. Wateja wakahamia kwingine. Mwanao si mbaya, usimnunie huko uliko. Ana watoto wanaotaka kula. Akaniambia, "Mama, mimi namheshimu baba, lakini hiki ni chuma chakavu." Nilimtukana vizuri, akaondoka. Ila tangu siku hiyo usingizi ulinihama.

Ndipo Kabula akarudi kutoka chuo cha ufundi, hata begi hajaliweka chini, akasema, "Bibi, naomba vigae vyako."

"Vya nini?"

"Vya kupaka ndani ya mashine ya babu. Tunavisaga unga, tunachanganya na gundi ya plastiki, ile ya chupa mbili. Kigae ni kigumu, hakiliki ovyo, ila ukikigonga kinapasuka. Plastiki ni laini, ila inastahimili kishindo. Vikishikana, kimoja kinabeba msuguano, kingine kinabeba kishindo."

Nikamwambia, "Hiyo ni ndoa yangu na babu yako. Kigae ni mimi."

Usicheke.

Nikamchagulia vigae vya vyungu vya kupikia, vile vyeusi, vilivyozoea moto miaka yote. Nilijua hivyo ndivyo vigumu kuliko vyote. Akaongeza na vipande vya marumaru alivyookota kwa mafundi kule Majengo. Tukatwanga, tukachekecha, akapaka, tukaacha ikauke. Tofali za kwanza zikatoka zimenyooka, nikapiga vigelegele. Kufika jioni utando wote umebanduka kama ukoko wa ugali. Joseph akachukua simu akampigia mtu wa skrepa.

Kabula akaokota kipande, akakinusa. "Bibi, vyungu hivi ulipikia nini?"

"Nilipikia nini? Chakula! Mlenda wa karanga, nyama, babu yako alipenda mafuta."

"Basi mafuta yamo humo humo ndani ya kigae. Gundi haishiki penye mafuta."

Umeona? Ni ule mlenda wako uliotaka kutuponza. Nikasema, mafuta yaliingia kwa moto, yatatoka kwa moto. Asubuhi yake nikavipanga vigae vilivyobaki, nikaviwashia kuni kama nachoma vyungu vipya.

Na wewe unajua kwetu anayechoma haamkiwi wala hajibu, mpaka moto ushuke. Unajua sana, maana ulirudi safari mwaka ule tumeoana, ukanisalimu mbele ya moto nikakunyamazia, ukanuna ukaenda kula kwa jirani.

Sasa nimekaa pale, mtu wa skrepa akaja na mizani yake.

"Shikamoo, bibi."

Kimya.

"Shikamoo, bibi."

Namtazama tu, moshi unanipita usoni. Akarudi nyuma. Akamvuta Joseph pembeni, nasikia kila kitu: "Kaka, mama yako kagoma kupokea shikamoo yangu. Mimi mali ya mtu kama huyu sibebi. Nina watoto." Akapakia mizani yake kwenye pikipiki, huyoo. Joseph alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda, akakaa chini kabisa. Alipomaliza kucheka akaniuliza kama kuni zinatosha.

Vigae vilitoka vyekundu, havina harufu. Kabula akapaka upya. Kiangazi chote Joseph ameshindilia, na utando umeshika. Anasema utakwisha siku moja kama kila kitu, lakini utapakwa tena, na kalibu yenyewe haitaguswa. Wateja wamerudi. Lundo langu limepungua mpaka naona ukuta wa jirani, na sijaupenda.

Jana Joseph aliniletea tofali la kwanza la asubuhi, akaliweka mapajani mwangu. Nikafanya ulivyokuwa unafanya, nikapitisha dole gumba ukingoni. Ulikuwa ukisema ukingo ukiteleza tofali limekufa, ukikukwaruza ni zima.

Limenikwaruza, Baba Joseph. Nikalala hapa hapa kwenye kiti chako, mchana kweupe, kuku wanapita miguuni, na hakuna aliyethubutu kuniamsha.

Lala na wewe.

Mkeo, kigae chako,
Mama Joseph