Marlys Haugen na Kipande cha Mwisho

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu utuache asubuhi ile ya Novemba, siku chache kabla ya msimu wa mpira wa kikapu kuanza. Baba bado anadai uliondoka makusudi ili usiione timu ya wanaume ikifungwa mechi ya kwanza. Kweli walifungwa. Ya pili walishinda, na Baba akaja kukuambia makaburini huku theluji ikimfika magotini.

Ulikuwa mkurugenzi wa michezo wa Chuo cha Lindahl kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini wageni walidhani wewe ni muuza bisi. Ulipenda kusimama nyuma ya mashine ya bisi ukumbini kwa sababu, ulisema, pale ndipo wazazi husema ukweli kuhusu makocha. Mbio za nyika ulikwenda kuzitazama hata mvua ikinyesha, ambapo watazamaji walikuwa wewe, mzazi mmoja na mbwa wake. Mchezaji aliyefeli hesabu ulimleta nyumbani afundishwe na Baba, na hakuondoka bila kula.

Ulipokabidhiwa kazi, timu zetu zilisifika kwa adabu tu. Wapinzani walitupenda mno. Katika mpira wa wavu, mpira ulianguka katikati ya wasichana wawili, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Chukua wewe." Mkuu wa chuo, Bwana Ekstrand, akakuita ofisini: misimu miwili bila mabadiliko, timu ya wavu itavunjwa, na nyingine zitaifuata. Ulirudi nyumbani, ukatundika koti lako, ukasema, "Wasichana wangu hawavunjiwi timu na mtu." Mimi na ndugu yangu Dale tuliogopa kukutazama.

Ukaanza kutafuta kocha, na kila aliyeomba ulimleta kwetu kwa chakula cha jioni. Sisi watu wa Minnesota kipande cha mwisho hatukili. Tunakikata nusu, na ile nusu tunaikata tena, mpaka kinabaki cha kubebwa na sisimizi. Anayekichukua kizima atasemwa hadi Pasaka. Waombaji wawili wa kwanza walikata vizuri sana, na Baba akawapenda wote wawili.

Wa tatu alikuwa Renata Cobb, mtu wa Texas. Keki ya tufaha ilipobaki kipande kimoja, alikitazama akauliza, "Hiki kina mwenyewe?"

"Hapana, kula tu," ukamjibu, kama tunavyosema wote tukiwa hatumaanishi.

Akakila. Mama Mdogo Verna aliweka uma chini. Baba alitazama dari kana kwamba inavuja.

Wewe na Baba mlipokuwa mkiosha vyombo tuliwasikia.

"Mama Kirsten, yule hana haya hata chembe."

"Ndiyo maana namtaka. Ameuliza, amejibiwa, amekula. Wasichana wetu wanasubiri mpira nao ukatwe nusu."

"Watu watasema."

"Waache waseme, Baba Kirsten. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nipe hiyo sahani, umeisugua mpaka itatoboka."

Ukamwajiri Renata. Msimu wake wa kwanza bado tulifungwa, na watu walisema kweli, hata kanisani. Wewe uliendelea kuuza bisi. Usiku hukulala vizuri; hilo Baba alituambia baadaye. Msimu wa pili tukafika fainali ya ligi, seti ya mwisho, na mpira ukashuka palepale katikati ya wasichana wawili. Ukumbi mzima ulijua utakakoangukia. Mmoja wao, Solveig Aune, ambaye hata kanisani aliimba kwa kunong'ona, akapaza sauti, "Wangu!" Akauchukua. Tukatwaa kombe, nawe ukamwaga ndoo nzima ya bisi sakafuni na hukuiokota.

Timu haikuvunjwa. Baada ya hapo ukaajiri makocha wa mieleka, riadha na magongo kwa keki ileile, na makombe yakajaa hadi ukaomba kabati la pili. Lakini wewe mwenyewe hukuwahi kukigusa kipande cha mwisho. "Mimi nimeshazeeka na adabu zangu," ulikuwa ukisema, "fundisheni watoto." Tulikucheka sana kwa hilo, na sasa tungetoa chochote tukucheke tena.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya kukuombea, Renata alikuja na keki ya tufaha. Kikabaki kipande kimoja, kama kawaida. Mama Mdogo alikuwa ameshashika kisu Baba aliposogeza sahani yake, Baba yuleyule ambaye huomba radhi hata akigonga kiti.

"Hiki kina mwenyewe?" akauliza.

"Hapana, shemeji, kula tu," Mama Mdogo akajibu kwa mazoea.

Akakila chote, polepole, machozi yakimtoka, na hakumwomba mtu radhi.

Unakumbukwa na mumeo Orrin, wanao, mimi Kirsten na Dale, mdogo wako Verna, wajukuu zako Anders na Britta, Kocha Renata, na wachezaji wako wote, hata wale wa kikapu. Mapenzi yako tunayo, Mama, na hatutakusahau maisha yetu yote. Kisu tumekirudisha kabatini.