Mtu wa Nyuma ya Ngazi

Jumatatu, 3 Juni 2002
Nina miaka themanini. Nimezika wake wawili, nimeona kiwanda cha kofia kikifa, na hata mbwa wa kwenye filamu nilimzika mimi. Bado nipo. Shule niliiacha mapema, lakini kuandika naweza.
Meya kaja. Jumamosi usiku filamu yetu itaonyeshwa uwanjani mbele ya kanisa, kwenye shuka kubwa. Ile iliyopigwa hapa Saint-Maurel mwaka 1951 — maneno hamna, watu wanajikwaa tu, milango inalia, na Ufaransa nzima ilicheka. Humo wawili wanabeba ngazi ndefu, na mtu wa ngazi ni mimi! Natangulia mbele, sura yote inaonekana. Nyuma yupo Anselme. Yeye inaonekana kofia tu.
Meya anataka tuibebe tena ngazi yetu kabla ya filamu. Nikamwambia Anselme hanisalimii miaka na miaka. Akasema basi msisalimiane, filamu yenyewe haina maneno. Mjanja huyu.

Jumanne, 4 Juni
Nimepita kwa Anselme. Anapalilia vitunguu, kanipa mgongo. Nikasema kwa sauti, kama naongea na ukuta, kwamba Jumamosi mchana tunajaribu ngazi. Akang'oa gugu jingine. Eti kanuna kwa sababu nasema mkahawani kwamba filamu ni yangu. Sasa nani anaonekana?
Asipokuja, meya atalifuta onyesho la ngazi. Na mimi nitakaa kwenye kiti kama watazamaji wengine.

Alhamisi, 6 Juni
Thierry wa posta kajitolea kushika nyuma. Miguu mizuri, lakini hafai. Anahesabu kwa mdomo. Nikikata kona, ananigonga kisigino.
Akachoka. "Babu Firmin, si uniambie basi nigeuke lini?"
"Ukisubiri kuambiwa, umeshachelewa."
Akauliza Anselme alikuwa anajuaje. Sijui. Hatukupanga kitu. Kazi ile ina sheria moja: wa mbele haangalii nyuma. Akiangalia, kicheko kimekufa. Anatembea kama mjinga asiye na habari, na wa nyuma anausoma mgongo wake.
Mgongo wangu nani mwingine aliwahi kuusoma? Wake zangu hawakuweza.

Ijumaa, 7 Juni
Meya kaniwekea kanda ofisini. Makarani wakasogea. Nilipopita mimi hawakucheka. Walicheka mkia wa ngazi ulipochelewa — kidogo tu — halafu ukaikumba kofia ya padri pale kisimani. Nikasema warudishe. Wakacheka palepale. Labda mashine mbovu.

Jumamosi, 8 Juni
Mchana. Nimetoka uwanjani sasa hivi.
Thierry hakutokea. Uwanja mtupu, viti tu. Nikainua ncha ya mbele peke yangu, nyuma inaburuzika kwenye mawe, inakwaruza vibaya. Nikaendelea. Siombi mtu.
Kufika kwenye duka la mikate, mkwaruzo ukakoma. Ngazi ikawa nyepesi.
Sikugeuka.
Nikaongeza mwendo, ikaongeza. Nikasimama ghafla, kisigino hakikuguswa. Kisimani nikakata kona bila kuonya — mkia ukachelewa, kidogo tu, halafu ukazunguka. Kofia ya padri haikuwepo lakini niliisikia ikianguka.
Nikaiweka ngazi chini kwenye ukuta wa kanisa, kama zamani, nikaja moja kwa moja nyumbani. Macho mbele.
Kazi bado haijaisha, ni leo usiku. Nimepiga viatu rangi. Sijamuuliza mtu yeyote nani alishika nyuma. Asiyeamini aende kwa Solange wa mikate. Alikuwa mlangoni, mikono ina unga, anatuangalia wote wawili, anacheka.