Mfereji wa Zamani Usitupwe

Nafiso, mke wa mwanangu,

Mfereji mpya wa jikoni nimeuweka mwenyewe. Maji nimeyafunga kule kwenye tangi. Usiyafungue kabla sijarudi. ~~Ule wa zamani mpe mtu wa vyuma.~~ Hapana. Usimpe mtu yeyote.

Uliniambia, "Abo, mfereji huu unalia kila alfajiri, watoto wanaogopa." Nikakucheka, nikasema ni kutu tu. Leo asubuhi nimeung'oa, nikaupangusa, nikaulaza mezani ukiwa mkavu. Nilipokuwa narudisha spana sandukuni, ukalia. Mkono wake ukajizungusha polepole, yakatoka maji safi, si haya ya tope ya Mto Tana, kidogo kidogo, kama marehemu mama mkwe wako alivyoyafungulia akitia udhu. Yalipotosha udhu, ukajifunga.

Nilisoma ngumbaru mpaka nikapata cheti. Najua mfereji usiounganishwa na bomba hautoi maji. Lakini iguse meza mwenyewe.

Naenda makaburini kumwomba radhi, maana nimeng'oa kitu chake bila kumwambia. Nikirudi nitaurudisha mahali pake. Watoto waambie ni nyanya yao anatia udhu. Alfajiri wampishe jikoni.

Baba mkwe wako