Kofia Iliyokataa Kichwa cha Maalim

Jumamosi, baada ya Alasiri. Kibokoni leo hakuna upepo hata kidogo, nguo zanata mgongoni, na mimi nimechoka hoi.

Nilisema ukurasa huu ni wa kazi zangu, si wa kulia. Mnisamehe, leo ni wa kulia.

Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya kofia yangu ya kwanza ya kuagizwa, mkanisifu. Kila sifa niliisoma mara mbili, nyingine mara tatu. Basi ile kofia ninayo hapa mapajani, na haina mwenyewe.

Kwa asiyenijua: nina miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, na ninachotaka ni kushona kofia za vito. Ni zile nyeupe za mkono, zinazotobolewa vitundu kwa sindano, kila kitundu kikazungushiwa uzi wake. Baba, karani wa godauni kule Shimanzi, anataka nisomee uhasibu. Tulibishana Ramadhani nzima, mwisho akaweka sharti. Kabla usajili wa chuo haujafungwa, nimwonyeshe kofia ya mkono wangu kichwani mwa mtu asiye jamaa yetu, aliyeiagiza mwenyewe. Nikiweza, ataniacha nishone. Nikishindwa, chuo.

Usajili unafungwa Jumatatu.

Mtu nilimpata: Maalim Athmani, aliyenisomesha Kurani nilipokuwa mdogo. Alipima kichwa chake kwa uzi, akaufunga fundo, akanipa. Bi Zena, jirani yetu aliyenifundisha kushona, akanipa bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, na maneno machache tu.

"Ioshe kwanda, Swabra. Ikauke, ndiyo upime."

Sikuiosha.

Bafta mpya ina ugumu wake mzuri. Mistari ya penseli inakaa, sindano inaingia bila kitambaa kujikunja. Ikishaoshwa inalegea na kuchosha vidole, nami nilikuwa na haraka. Tena nilijiona nimeshakuwa fundi. Bi Zena aliponiuliza, nilimwambia nimeosha. Nilimdanganya mtu anayenipa chai yake kila siku.

Nikashona miezi minne. Ilipokwisha nikaipima kwa uzi wa Maalim, ikaja sawasawa, nikaipiga ile picha. Lakini kofia haipelekwi kwa mtu na alama za penseli na jasho la mikono. Huoshwa, ikatiwa wanga, ikakaushwa juu ya bakuli. Niliiosha jana. Ilipokauka nikauzungusha tena ule uzi, na uzi ukazidi kwa vidole viwili; bafta imepungua majini.

Nikailowesha upya, nikaivuta. Niliivuta mpaka kitundu kimoja kikachanika, ndipo nikaacha.

Leo asubuhi nimeipeleka vivyo hivyo. Sijui nilitarajia nini, labda kichwa chake nacho kiwe kimepungua. Maalim aliipokea kwa mikono miwili, akasema Mashallah, akaivaa. Ikamkaa utosini kama kifuniko cha birika. Akajaribu kuishusha polepole, huku na huku, nami nikiomba moyoni acheke yaishe. Hakucheka.

"Kazi yako njema, mwanangu," akasema. "Lakini kitwa changu hakingii. Bafta uliiosha?"

"Sikuiosha, Maalim."

Ndiyo mara ya kwanza nililisema kwa sauti. Akaivua, akanirudishia.

"Ule uzi wangu usiutupe," akasema, akageukia wanafunzi wake.

Nikapita kwa Bi Zena kumweleza, kwa sababu angesikia tu, na ni heri asikie kwangu. Alikasirika, na alikuwa na haki.

"Kuharibu si kitu, hata mimi nimeharibu nyingi," akaniambia. "Urongo ndio ulioniuma."

Akaingia ndani, akarudi na kipande kingine cha bafta, akanitupia mapajani bila kunitazama usoni. Nimekitia mkobani pamoja na ile kofia, nikatembea nyumbani kwa njia ya nyuma nisikutane na mtu wa kuniuliza.

Baba alirudi adhuhuri. Nilimwekea kofia mezani, nikamweleza yote, hata ule uongo.

"Tuliagana nini?" akauliza.

"Kichwani mwa mtu, Baba."

"Basi Jumatatu twenda sote."

Hakufoka. Angefoka ningepata wa kumkasirikia. Alikula wali wake taratibu, mimi nikaenda kulia bafuni, bomba nikalifungulia wasinisikie.

Najua kuna watakaoniuliza nimejifunza nini. Sijui. Leo sijioni kama mtu aliyejifunza kitu, najiona kama mtu aliyepigwa. Nilidhani mikono yangu ndiyo itakayoniangusha, kumbe mikono haikuwa na kosa. Vitundu vyote vimenyooka, isipokuwa kile kimoja nilichokichana mwenyewe. Hilo linaniuma kuliko lote. Miezi minne ya kazi nzuri, nikaijenga juu ya kitambaa nilichoona uvivu kukiosha.

Jumatatu nitajiandikisha. Sitajifanya nimefurahi. Ila masomo ni ya mchana, na katika ile miadi yetu hakuna mtu aliyetaja jioni.

Saa ile ya Alasiri Baba alikwenda kutawadha, akakuta beseni chini ya bomba.

"Hii nini?"

"Bafta, Baba. Naiosha."

Nilingoja aseme itoe. Akainama, akalisogeza beseni kando lisipigwe teke, kisha akatawadha akaenda zake msikitini.

Uzi wa Maalim nimeufunga kwenye kitasa cha dirisha, na fundo lake. Sijapima, sijachora, sijatoboa hata kitundu kimoja. Safari hii nimeanza na maji.