Mama Alivyomhoji Mtafiti

Marambo, Nachingwea
12 Agosti 1981

Kaka Selemani,

Sisi wazima. Ufuta tumeshavuna, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Alikuja mtafiti wa chuo kikuu, Dada Laurencia, akaomba kuandika habari za unyago wetu. Mama akamwambia, "Kwanza nikuulize mimi. Umeolewa? Kwa nini bado? Ugali unajua kusonga?" Mgeni akajibu yote huku jasho likimtoka, kisha akasonga ugali mbele ya wanawake wote. Ulijaa mabuja. Shangazi Zaina alicheka mpaka akakaa chini.

Ndipo wakakubaliana: nyimbo za siri haziandikwi, na kila alichoandika atusomee kabla hajaondoka. Akatimiza. Ukurasa mmoja mama hakuupenda, mgeni akauchana palepale. Mama akampa kuku.

Siku ya kuaga akamuuliza mama ana watoto wangapi.

"Wawili. Mmoja yuko Dar es Salaam. Tangu tumzike baba yake hajaleta hata salamu."

Mgeni akashika kalamu. Mama akamzuia: "Hilo la nyumbani, mwanangu, usiliandike."

Laurencia alitii. Mimi, kaka, hakunikataza.

Mdogo wako,
Stumai