Walipoita "Cácaro!"

Chucho, nimekwisha! Nimekwisha, ndugu yangu!

Unajua mpenzi wangu Refugio nimemdanganya kwamba enzi zile nilikuwa mwigizaji, mpanda farasi wa kwenye filamu. Leo tumekuja kutazama filamu ya zamani. Picha ikakatika, ukumbi mzima ukamzomea mwonyesha filamu kwa jina letu lile la kazi: "Cácaro! Cácaro!"

Nikasimama, Chucho! NIKASIMAMA! "Nakuja, wajinga nyie, tulieni!" Miaka yote ile ya kutukanwa kwenye chumba cha mashine, miguu ikainuka yenyewe!

Refugio akanikazia macho. "Fidencio, kumbe wanakuita wewe?"

Nikakubali kwa kichwa, bila uongo. Mimi!

"Basi nenda ukaitengeneze," akasema. "Nataka kuona mwisho."

Nimo chumba cha mashine sasa, ndiyo nakupigia simu. Hakuna ukanda, hakuna gurudumu, ni kompyuta tupu! Nje wanazomea. Nikishindwa na hili pia, kwake nitakuwa nani?